Shogi la Pikipiki na Ishara Isiyoonekana

Watu wa mwambao wanalijua shogi. Ni mfuko mkubwa wa mkeka uliokunjwa na kushonwa hata ukawa mifuko miwili iliyoungana katikati, nao hutandikwa juu ya mgongo wa punda ili mzigo uning'inie nusu kuume na nusu kushoto. Mwenye punda wa Lamu hakufundishwa momenti na mwalimu wa fizikia, lakini anajua kwamba akiujaza upande mmoja kwanza, shogi litateleza na kupinduka kabla hajaugusa upande wa pili. Wapanda farasi wa Marekani nao walikuwa na shogi lao la ngozi. Pikipiki ilipochukua nafasi ya farasi, mifuko ile ilihamia juu ya gurudumu la nyuma, na huko ipo hadi leo.

Katika makala haya nakusudia kuchambua kazi moja ndogo ambayo wapenda pikipiki wa Marekani huifanya nyumbani kwao siku ya Jumamosi: kuifungia pikipiki shogi, kisha kuzihamisha indiketa za nyuma ambazo shogi limezinyang'anya nafasi. Kazi hiyo huhesabiwa kuwa ni ya urembo. Mimi niliifanya mwaka 2010, nilipokuwa mwanafunzi wa udaktari katika jimbo la Wisconsin, na kwa kuidhania kuwa ya urembo nilikaribia kupoteza maisha yangu. Mwalimu wa kidato cha tatu na cha nne atakuta humu momenti, tanjenti, sheria ya Ohm na upanukaji wa metali, vyote katika chombo kimoja ambacho wanafunzi wake hukitazama kwa hamu zaidi kuliko wanavyoutazama ubao.

Chombo chenyewe

Pikipiki ya namna hii huitwa kruza. Imetengenezwa kwa safari ndefu katika barabara pana. Kiti chake ni cha chini, kiasi cha sentimita 70 kutoka ardhini. Mpandaji hunyoosha miguu mbele, na usukani humjia kifuani badala ya yeye kuuinamia. Umbo hili limetokana na pikipiki za Harley-Davidson, kampuni iliyoanzishwa mjini Milwaukee mwaka 1903, lakini viwanda vya Japani navyo viliingia katika biashara hiyo. Yangu ilikuwa Yamaha V Star 650 iliyokwisha tumika, yenye silinda mbili zilizokaa kama herufi V na ujazo wa sentimita za ujazo 649. Pamoja na petroli ilikuwa na kilo 230 hivi, na umbali kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ulikuwa mita 1.6. Namba hizi mbili tutazihitaji.

Fito za mbele za kruza zimelala nyuma zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima. Kwa sababu hiyo tairi la mbele hugusa ardhi nyuma ya mahali ambapo mstari wa mhimili wa usukani ungekutana na barabara, na gurudumu hulazimika kufuata kama kijigurudumu cha toroli kinavyofuata kinakovutwa. Pikipiki hupenda kwenda moja kwa moja. Uzuri huo wa barabara kuu ni taabu katika vichochoro, ambako kruza hugeuka kwa uvivu. Indiketa za nyuma zilishikiliwa na vikono vifupi vilivyochomoza kuume na kushoto kwa madigadi, na hapo hasa ndipo mfuko unapotaka kukaa.

Mahali pa mzigo

Swali ambalo kila mtu huuliza ni: mzigo una kilo ngapi? Swali ambalo wachache huuliza ni: uko wapi?

Tuchukue shogi lililojazwa, lenye kilo 20 kwa jumla, ambalo kitovu chake cha uzito kiko sentimita 20 nyuma ya ekseli ya nyuma. Pikipiki sasa ni wenzo, na egemeo lake ni pale tairi la nyuma linapogusa ardhi. Momenti ya mzigo nyuma ya egemeo ni 20 × 0.2, yaani 4. Ili momenti zilingane, tairi la mbele, lililoko mita 1.6 upande wa pili, hupunguziwa 4 ÷ 1.6, yaani kilo 2.5. Basi tairi la nyuma halikuongezewa kilo 20 bali kilo 22.5. (Natumia kilo badala ya niutoni kwa wepesi, mwalimu atazidisha kwa 9.8 akitaka kani halisi.)

Sasa tuutoe mzigo uleule katika shogi, tuufunge katika keria sentimita 50 nyuma ya ekseli. Momenti ni 10. Tairi la mbele limepoteza kilo 6.25 na la nyuma limebeba kilo 26.25, ilhali hatukuongeza hata kijiko. Na tairi la mbele ndilo linaloongoza, tena ndilo linalofanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Tukiweza kusogeza shogi hata kitovu chake kikawa sentimita 10 mbele ya ekseli, tairi la mbele badala ya kupoteza litapata kilo 1.25. Kwa hiyo fundi mwenye busara huisukuma mifuko mbele mpaka ikaribie miguu ya abiria, hata kama kwa jicho ingependeza zaidi ikiwa nyuma.

Springi za nyuma nazo hulipa. Tuseme mzigo umezikandamiza sentimita 2, huku upande wa mbele haukubadilika. Pikipiki nzima imeinua pua yake kwa pembe ya 0.02 ÷ 1.6, yaani redio za pembe 0.0125. Haionekani kwa macho. Lakini taa kubwa ya mbele imeinuka kwa pembe hiyohiyo, na umbali wa mita 30 mwali wake umepanda sentimita 37.5. Mwanga uliokuwa ukimulika lami sasa unamulika macho ya dereva anayekuja. Ndiyo maana shokomzoba za nyuma huwa na pete ya kukazia springi; nayo ni pete ambayo wengi hawajapata kuigusa tangu siku waliyonunua chombo.

Je, upande mmoja ukiwa mzito kuliko mwingine? Hapa wanafunzi wangu hushangaa. Mfuko wa kuume una kilo 14 na wa kushoto kilo 6. Tofauti ni kilo 8, na kila mfuko uko sentimita 30 kutoka mstari wa katikati. Momenti ni 2.4. Pikipiki, mpandaji wa kilo 75 na mzigo ni kilo 325 kwa jumla, kwa hiyo kitovu cha uzito cha vyote kimesogea 2.4 ÷ 325, yaani milimita 7 na kitu. Ikiwa kitovu hicho kiko sentimita 60 juu ya barabara, pikipiki itakwenda imeinama kwa pembe isiyofika nyuzi 1. Mpandaji hatagundua. Punda angegundua, kwa sababu shogi la punda halikufungwa kwa bolti na punda hawezi kujisawazisha kwa kulala upande. Simwambii mtu apakie ovyo. Nataka tuone kwamba kosa tunaloliogopa mno, la kuume na kushoto, ni dogo, na kosa la nyuma na mbele, ambalo hatuliogopi, ni kubwa.

Sababu ya ukubwa wake haiishii katika kilo zilizohama. Mwaka 1971 mhandisi wa Uingereza R. S. Sharp alichapisha uchambuzi wa kihisabati wa uthabiti wa pikipiki, akatofautisha mwenendo wa aina tatu: kulala upande taratibu, kutetema kwa usukani kwa haraka, mara 6 hadi 10 kwa sekunde, na kuyumba kwa pikipiki nzima kama samaki anavyopiga mkia, mara 2 hadi 4 kwa sekunde. Huku kuyumba kwa mwisho ndiko kunakochochewa na mzigo wa nyuma. Kila mtetemo wa namna hiyo hufifia wenyewe ikiwa chombo kimepangwa vizuri. Mzigo ulio mbali nyuma huchelewesha kufifia kwake, na mwendo ukizidi huenda usifife kabisa. Tunaweza kuonja jambo hili kwa momenti ya inersia, ambayo huongezeka kwa mraba wa umbali. Kilo 20 zilizo mita 1 nyuma ya kitovu cha uzito cha chombo zina momenti ya inersia ya 20. Zisogeze ziwe mita 1.3, nayo inakuwa 33.8. Sentimita 30 zimeongeza theluthi mbili.

Sisi wa nyumbani hatuna kruza nyingi, lakini kila siku tunaona bodaboda iliyofungwa kreti za soda juu ya keria, zimepita tairi la nyuma na kufika usawa wa mabega ya dereva. Hesabu ni ileile, na namba zake ni mbaya zaidi.

Mambo mawili ya ufungaji nitayataja kwa haraka. Mfuko laini huvutwa na upepo na mtikisiko mpaka uingie katika spoki, kwa hiyo lazima uwe na kizuizi cha chuma kati yake na gurudumu. Na nafasi hiyo ipimwe huku watu wawili wazito wameikalia pikipiki, si ikiwa tupu, maana gurudumu hupanda ndani ya madigadi. Na bomba la moshi lisiguse ngozi wala turubai.

Ishara isiyoonekana

Shogi langu lilikaa vizuri. Indiketa tu ndizo zilizokuwa njiani. Nilifungua vikono vyake, nikavikata vifupi, nikazirudisha taa palepale, kwenye nafasi iliyobaki kati ya madigadi na mfuko. Nilisimama nyuma ya pikipiki, nikawasha, nikaziona zinawaka. Niliridhika. Hata kwa sheria sikuwa na kosa la umbali: kanuni ya Marekani inataka vitovu vya indiketa za nyuma viachane si chini ya inchi 9, yaani milimita 229, na zangu ziliachana sentimita 30.

Wiki moja baadaye, mwezi wa Septemba, nilikuwa katika barabara ya njia nne karibu na mji wa Madison. Kumbuka kwamba huko magari hupita kuume, na njia ya kushoto ni ya wanaokwenda kasi. Niliwasha indiketa ya kushoto, nikaiona taa ndogo ya dashibodi ikimeta, nikatupia kioo jicho la haraka kuliko inavyofaa, nikaanza kusogea. Honi ililia sikioni mwangu. Gari lilinipita kwa nafasi ambayo ningeweza kuijaza kwa kiganja, likayumba, likasimama mbele pembeni mwa barabara.

Aliyeshuka ni mama wa makamo, mikono ikimtetemeka kama yangu. "Kijana," alisema, "hukuwasha taa." Nilimwambia nimewasha, na kwamba bado inawaka. Tukaenda pamoja nyuma ya pikipiki. Nilisimama nyuma yake moja kwa moja na kumwonyesha: inameta. Yeye hakusema neno, alipiga hatua tatu kwenda kushoto, pale lilipokuwa gari lake, akasema, "Njoo usimame hapa." Nikaenda. Hapakuwa na taa. Palikuwa na mfuko mzuri wa ngozi.

Tuichore hali hiyo kwa kuitazama kutoka juu. Taa iko sentimita 15 kutoka mstari wa katikati. Ukingo wa ndani wa mfuko uko sentimita 20 kutoka mstari huo, yaani sentimita 5 nje ya taa. Na mfuko unaendelea nyuma ya taa kwa sentimita 25. Mwali unaotoka katika taa na kupita ukingoni kabisa mwa mfuko una tanjenti ya 5 ÷ 25, yaani 0.2. Pembe yake ni nyuzi 11 na kitu. Aliye ndani ya pembe hiyo anaiona ishara. Aliye nje yake haioni, hata taa iwe na nguvu kiasi gani.

Gari lililo katika njia ya jirani liko kama mita 3.5 kando. Likiwa mita 40 nyuma, pembe yake ni nyuzi 5: dereva anaona. Likiwa mita 10 nyuma, pembe ni nyuzi 19: haoni. Mpaka uko pale ambapo 3.5 ikigawanywa kwa umbali inatoa 0.2, yaani mita 17.5. Msomaji alitazame jambo hili kwa utulivu. Ishara yangu ilionekana na aliye mbali, ambaye hakuihitaji. Ilipotea kwa aliyekaribia, ambaye uhai wangu ulikuwa mikononi mwake. Ikiwa gari lina kasi ya mita 10 kwa sekunde zaidi ya pikipiki, kutoka mahali pa kupotea ishara hadi ubavuni mwangu ni sekunde 1.75. Nami niliwasha indiketa gari likiwa limekwisha kuuvuka mpaka huo.

Taa ya dashibodi haikusema uongo. Ilisema kwamba mkondo unapita. Kwamba mwanga umefika katika jicho la mtu ni habari nyingine, na hakuna waya unaoileta.

Nilizihamisha tena. Safari hii nilichukua kipande cha chuma bapa, nikakifunga nyuma ya kibao cha namba, na kukipachika taa mwishoni kila upande, sentimita 5 nyuma ya ukingo wa nyuma wa mifuko. Hapo hakuna kinachozuia hata kwa aliye nyuzi 45 kando, pembe ambayo ni kipimo cha kawaida kwa taa za namna hii. Sikuzisogeza karibu na taa ya breki, ingawa wapenda urembo hufanya hivyo, na sababu yake ni jicho. Jicho zuri huweza kutenganisha nukta mbili zilizoachana kwa dakika moja ya pembe, yaani sehemu ya 60 ya uzi mmoja. Indiketa iliyo sentimita 15 kutoka taa ya katikati, ikitazamwa kutoka mita 100, imeachana nayo kwa dakika 5. Iliyo sentimita 4 imeachana kwa dakika 1.4 tu, na mng'ao wa taa ya breki utaimeza. Dereva ataona kitu kinameta, asijue kama ni kuume au kushoto.

Waya, kiungo na fremu

Baada ya kuzifunga taa kwenye chuma kipya niliwasha. Ya kushoto haikuwaka kabisa. Ya kuume iliwaka kwa unyonge.

Ya kushoto ilikuwa rahisi. Katika pikipiki, kama katika gari, waya mmoja huupeleka mkondo kwenye taa, na fremu ya chuma huurudisha kwenye betri. Mimi nilikipaka chuma changu rangi nyeusi kwa ajili ya kupendeza. Rangi si kipitishi. Saketi ilikatwika kwenye unene wa rangi usiofika unene wa ukucha. Nilikwangua chini ya bolti, taa ikawaka. Hata hivyo nawashauri wafundi vijana wasitegemee mkwaruzo, ambao utashika kutu; waongeze waya wa pili wa kurudi hadi kwenye fremu.

Ya kuume inafaa hesabu. Balbu ilikuwa ya wati 21 kwa volti 12. Mkondo wake ni 21 ÷ 12, yaani ampea 1.75, na ukinzani wake ikiwa moto ni 12 ÷ 1.75, yaani omu 6.86. Niliurefusha waya kwa kuunga kipande cha mita 1.5 chenye unene wa milimita za mraba 0.5. Mtu angeulaumu waya, lakini ukinzani wa shaba ya urefu na unene huo ni omu 0.05 tu, nao hula volti 0.09. Mhalifu alikuwa kiungo. Niliviringisha waya kwa vidole na kuufunika kwa utepe, na waya wa zamani ulikuwa umeshika kutu ya kijani kwa chumvi ambayo huko hunyunyizwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu. Mita ilionyesha volti 12 kwenye betri na volti 10.5 kwenye balbu. Kiungo kile kidogo kilikuwa na ukinzani wa omu 1, au karibu yake: 12 × 6.86 ÷ 7.86 ni 10.5.

Volti 1.5 ni sehemu ya nane. Je, mwanga nao umepungua kwa sehemu ya nane? Hapana. Waya wa balbu hung'aa kwa sababu una joto, na joto likipungua kidogo mwanga unaoonekana hupungua sana. Mafundi wa taa hutumia kanuni ya makadirio kwamba mwanga wa balbu ya waya hufuata volti zikiwa zimepandishwa kwa kipeo cha 3.4. Gawanya 10.5 kwa 12, upate 0.875, pandisha, upate 0.63 hivi. Zaidi ya theluthi ya mwanga imepotea kwa sababu ya kiungo kile. Usiku hasara hiyo husameheka. Saa saba mchana, jua likipiga kioo cha taa, haisameheki.

Niliukata waya hadi penye shaba safi, nikalehemu, nikafunika kwa mpira usinyaao kwa joto, nikaacha waya ulegee kidogo mahali panapotikisika. Volti zilirudi 11.9.

Flasha

Limebaki jambo la kumeta. Katika pikipiki nyingi za zamani kazi hiyo hufanywa na flasha ya joto, na sijui kifaa kingine kinachofundisha upanukaji wa metali kwa uzuri huo. Ndani yake mna utepe wa metali mbili zilizobanwa pamoja, moja ikipanuka zaidi ya nyingine. Mkondo wa taa hupita humo na kuupasha moto. Utepe hupinda, swichi hufunguka, taa huzimika. Utepe hupoa, hunyooka, taa huwaka tena. Kipimo kinachokubalika ni kumeta mara 60 hadi 120 kwa dakika.

Utepe huo umetengenezwa kwa mkondo wa balbu zake: mbili za wati 21, yaani ampea 3.5. Sasa watu wengi wanapozihamisha indiketa huchukua nafasi hiyo kuweka taa ndogo za LED, za wati 2 hivi kila moja. Mbili pamoja huvuta ampea 0.33. Joto linalozalishwa katika utepe hufuata mraba wa mkondo, kwa hiyo limekuwa chini ya sehemu ya mia ya lilivyokuwa. Utepe haupindi. Taa huwaka bila kumeta, na taa isiyometa si ishara. Flasha za elektroniki zenye kipimo cha kugundua balbu iliyoungua hufanya kinyume: zikiona mkondo mdogo hudhani balbu moja imekufa, zikameta kwa haraka mno ili kumwonya dereva.

Madukani utauziwa kizuizi cha kufungwa sambamba na LED ili kuvuta mkondo uliokosekana. Hesabu yake ni nyepesi: wati zilizopungua ni 19, kwa hiyo ukinzani unaotakiwa ni 12 × 12 ÷ 19, yaani omu 7.6. Kitafanya kazi. Lakini wati hizo 19 zitakuwa joto tupu katika kitu kidogo kama kidole, nami nimekiona kimoja kilichofungwa kwenye ngozi ya shogi na kuitoboa. Tena ni kichekesho kununua taa inayookoa umeme, kisha kuuchoma ule uliookolewa. Afadhali kubadili flasha, kuweka ya elektroniki isiyojali mkondo.

Kazi za darasani

Baiskeli yenye keria na mizani miwili ya kupimia watu yatosha kwa sehemu ya kwanza. Weka kila gurudumu juu ya mizani yake, mwanafunzi mmoja aishike wima bila kuikandamiza, na mfuko wa mchanga wa kilo 10 usogezwe kidogo kidogo kutoka mbele ya ekseli ya nyuma hadi nyuma yake. Wanafunzi waandike mizani ya mbele inasoma nini kila mara, wachore grafu, na watafute mahali ambapo usomaji haubadiliki mzigo ukiwekwa na ukiondolewa. Kwa sehemu ya pili, tochi iwekwe kati ya vitabu viwili vilivyosimama mezani, na chaki ichore sakafuni mpaka ambapo mwanga unapotea.

1. Pikipiki ina mita 1.3 kutoka ekseli hadi ekseli. Kreti la kilo 25 limefungwa sentimita 40 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tairi la mbele limepunguziwa kilo ngapi? Linganisha na kruza yenye mzigo uleule mahali palepale, na ueleze kwa nini chombo kifupi kinaumia zaidi.

2. Taa ya makala haya ilikuwa sentimita 25 mbele ya ukingo wa mfuko. Ingalisogezwa nyuma iwe sentimita 10 mbele ya ukingo huo, gari la njia ya jirani lingeipoteza likiwa umbali gani?

3. Ukinzani wa balbu ikiwa baridi ni kama sehemu ya kumi ya ukinzani wake ikiwa moto. Tafuta mkondo wa balbu ya wati 21 katika punje ya kwanza ya wakati baada ya swichi kufungwa, ukiacha kando ukinzani wa waya, na useme ni fyuzi ya ampea ngapi ungeiweka kwa balbu mbili, na kwa nini fyuzi haiungui papo hapo.

4. Nenda kituo cha bodaboda, uombe ruhusa ya dereva, umwombe awashe indiketa ya nyuma mzigo ukiwa umefungwa. Tembea nusu duara nyuma ya pikipiki ukiwa mita 5 kutoka kwake, na utie alama ardhini mahali taa inapopotea na inaporudi. Pima pembe, umwonyeshe na yeye.